Andrei Ershov

Andrei Petrovich Ershov (kwa Kirusi: Андрей Петрович Ершов, Moscow, 19 Aprili 1931 – Moscow, 8 Desemba 1988) alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa kompyuta wa Umoja wa Kisovyeti. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa elimu ya kompaila, yaani programu zinazotafsiri maagizo yaliyoandikwa na binadamu kuwa lugha ya mashine.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu swali moja: kompaila itajuaje kwamba thamani iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta haihitajiki tena, ili nafasi yake ipewe kazi nyingine? Njia aliyoieleza mwaka 1962, ya kupaka rangi nukta za grafu, inafundishwa vyuoni hadi leo. Ugumu aliokutana nao pia upo hadi leo, kwa kuwa kompaila za kisasa bado huacha ndani ya programu nafasi na amri ambazo hazina faida yoyote.

Ershov alikuwa pia mtetezi mkubwa wa kufundisha kompyuta katika shule za sekondari.

Maisha ya awali na masomo

Ershov alizaliwa Moscow, lakini sehemu ya utoto wake aliishi Rubizhne, mji wa viwanda vya kemikali huko Ukraine. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika huko, familia yake ilijikuta katika eneo lililotekwa na jeshi la Ujerumani. Baadaye familia ilihamia Kemerovo, Siberia, na hapo ndipo alipomaliza shule mwaka 1949.

Mwaka huohuo alijiunga na Chuo Kikuu cha Serikali cha Moscow katika kitivo cha fizikia na ufundi. Kitivo hicho kilipogeuzwa kuwa taasisi ya pekee, vijana waliowahi kuishi chini ya utawala wa Wajerumani walitiliwa shaka, ingawa walikuwa watoto wakati wa vita. Ershov hakuruhusiwa kuendelea. Alihamia kitivo cha umekanika na hisabati, na hivyo akaikosa fizikia aliyoitaka.

Huko alikutana na Aleksei Lyapunov, mwanahisabati aliyetoa kozi ya kwanza ya kuandaa programu katika chuo hicho. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na kompyuta chache mno, na watu wengi hawakujua kwamba mashine za namna hiyo zipo. Ershov alihitimu mwaka 1954 pamoja na kundi la kwanza la wanafunzi waliosomea kazi hiyo.

Programu inayoandika programu

Baada ya masomo alifanya kazi Moscow kwenye kompyuta iliyoitwa BESM, mojawapo ya mashine zenye kasi kubwa barani Ulaya katika miaka hiyo. Kasi yake haikulingana na ukubwa wa kumbukumbu yake. Kumbukumbu ya ndani ilikuwa na seli elfu moja hadi elfu mbili tu, na kila seli ilibeba nambari moja au amri moja. Mwandaaji wa programu alilazimika kupanga kwa mkono seli gani itumike kwa nini, na lini ifutwe ili ipokee kitu kingine.

Ershov na wenzake walitengeneza programu iliyofanya kazi hiyo badala ya binadamu. Walisoma fomula za hesabu na mpango wa hatua, kisha mashine yenyewe ikatoa amri za BESM. Mwaka 1958 alichapisha kitabu kuhusu programu hiyo, ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza muda mfupi baadaye. Kilikuwa kati ya vitabu vya kwanza duniani kuhusu kompaila. Ni mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu kundi la John Backus katika kampuni ya IBM huko Marekani litoe kompaila ya lugha ya Fortran.

Katika makala ya mwaka 1958 kuhusu hesabu za fomula, Ershov alieleza mambo mawili yaliyodumu.

Jambo la kwanza lilihusu hesabu zinazorudiwa. Kama fomula ina sehemu ileile mara mbili, haina haja kuihesabu mara mbili. Lakini kompaila ikilinganisha kila sehemu na nyingine zote, itachukua muda mrefu. Ershov aligeuza kila sehemu ya fomula kuwa nambari inayoonyesha mahali katika jedwali. Ikiwa mahali hapo pameshashikwa na sehemu nyingine, mashine husogea hadi panapofuata. Njia hii ya kutafuta katika majedwali ilikuwa imegunduliwa pia Marekani, lakini Ershov aliifikia mwenyewe.

Jambo la pili lilihusu idadi ya seli zinazohitajika kwa majibu ya muda. Ershov alionyesha kwamba mpangilio wa hesabu hubadilisha idadi hiyo. Fomula ikiwa na pande mbili, upande unaohitaji nafasi nyingi uhesabiwe kwanza. Ukimalizika, unabaki na jibu moja tu la kutunza wakati upande mwepesi unahesabiwa. Idadi ndogo kabisa ya nafasi zinazotosha kwa fomula fulani huitwa katika vitabu vya leo nambari ya Ershov.

Siberia na mradi wa Alfa

Mwaka 1957 Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovyeti kilianza kujenga Akademgorodok, mji wa wanasayansi karibu na Novosibirsk. Mwanahisabati Sergei Sobolev, aliyeongoza Taasisi ya Hisabati huko, alimwita Ershov aongoze idara ya programu. Ershov alihamia Siberia mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuishi huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Idara yake baadaye iliwekwa katika Kituo cha Kompyuta kilichoongozwa na Guri Marchuk.

Kazi kubwa ya kwanza ya idara hiyo ilikuwa Alfa. Hilo lilikuwa jina la lugha ya programu iliyotokana na Algol 60, na pia la kompaila yake. Lugha iliongezewa uwezo wa kushughulikia vekta, matriki na nambari changamano, maana watumiaji wake walikuwa wahandisi na wanafizikia.

Kompaila ya Alfa ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta M-20, yenye seli 4096 za kumbukumbu. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Mtaalamu aliyeandika kwa mkono aliweza kubana programu yake ikaingia katika seli hizo. Kama kompaila ingetoa programu yenye kupoteza nafasi, programu hiyo isingeingia kabisa, na watumiaji wangerudi kwenye kazi ya mikono. Kwa hiyo Ershov aliweka lengo kwamba kompaila itoe programu inayokaribia ile ya mtaalamu hodari.

Alfa ilikamilika mwaka 1964. Iliondoa hesabu zinazorudiwa, ilitoa nje ya mizunguko hesabu ambazo hazibadiliki kila mzunguko, na iligawa upya seli za kumbukumbu. Mwaka 1966 Ershov aliieleza katika jarida la chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani, na wasomaji wa nchi za Magharibi wakaona kwamba Siberia kulikuwa na kompaila ya kiwango cha juu.

Tatizo la nafasi na rangi za grafu

Katika programu, kigeu ni jina linalobeba thamani. Kigeu kinakuwa hai tangu thamani inapoandikwa ndani yake hadi inaposomwa mara ya mwisho. Baada ya hapo seli yake imebaki na kitu ambacho hakuna atakayekiuliza. Vigeu viwili ambavyo uhai wao haugongani vinaweza kupewa seli moja, kama wanafunzi wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya alasiri wanavyoweza kukalia dawati moja.

Vigeu vikiwa vitatu au vinne, jambo hili hufanyika kwa kuangalia tu. Vikiwa mamia, na programu ikiwa na njia panda na mizunguko mingi, linakuwa fumbo. Sviatoslav Lavrov, mtaalamu mwingine wa Kisovyeti, alichapisha mwaka 1961 uchunguzi wa namna ya kubana kumbukumbu katika programu za aina hiyo. Mwaka 1962 Ershov alionyesha kwamba fumbo hilo ni sawa na tatizo la zamani la hisabati.

Kila kigeu kinachorwa kama nukta. Vigeu viwili vikiwa hai kwa wakati mmoja, nukta zao zinaunganishwa kwa mstari. Kisha nukta zinapakwa rangi kwa sharti kwamba nukta zilizounganishwa zisiwe na rangi moja. Kila rangi ni seli moja ya kumbukumbu. Idadi ndogo ya rangi ina maana ya idadi ndogo ya seli.

Kwa mfano, programu inasoma a na b, inavijumlisha na kuweka jibu katika c, inazidisha c kwa 2 na kuweka jibu katika d, kisha inachapisha d. Mtu asiyefikiri atatenga seli nne. Lakini a na b tu ndivyo vilivyo hai pamoja. Jumla ikishapatikana, c inaweza kukaa mahali pa a, na d mahali pa c. Seli mbili zinatosha.

Mchoro huohuo unaonyesha kitu kingine. Kigeu kinachoandikwa lakini hakisomwi popote hakina uhai hata kidogo. Hakihitaji seli, na amri ya kukiandika inaweza kufutwa bila jibu la programu kubadilika.

Kupata idadi ndogo kabisa ya rangi ni kazi nzito. Mwaka 1972 Richard Karp wa Marekani alionyesha kwamba tatizo hili ni miongoni mwa yale ambayo hakuna njia ya haraka inayojulikana kuyatatua kikamilifu. Katika Alfa, Ershov alikuwa ameshatumia njia za kukadiria, zinazotoa jibu zuri ingawa si lazima liwe bora kabisa. Mwaka 1981 Gregory Chaitin na wenzake katika IBM walitumia kupaka rangi grafu kwa ajili ya kugawa rejista, yaani zile nafasi chache zilizo ndani ya kichakato chenyewe. Tangu hapo wazo hilo limeingia katika kompaila nyingi.

Mipaka ya kompaila

Programu za hesabu za wakati wa Ershov zilikuwa na faida moja kwa kompaila: vigeu vingi vilitajwa kwa majina, na iliwezekana kufuatilia kila jina lilipotajwa. Programu za siku hizi huomba kumbukumbu wakati zinaendelea kufanya kazi, na hushika nafasi hizo kwa anwani. Hapo ndipo kompaila hushindwa mara nyingi kuondoa nafasi zisizotumika.

Chukua programu inayoomba nafasi ya nambari 100, inaandika 7 katika kila nafasi, kisha inairudisha kumbukumbu bila kusoma hata nambari moja. Binadamu anaona mara moja kwamba kazi yote hiyo ni bure. Kompaila haiwezi kuifuta mpaka ithibitishe kwamba hakuna msomaji, na uthibitisho huo unazuiwa na mambo kadhaa.

Kwanza, anwani mbili tofauti katika maandishi ya programu zinaweza kuelekea mahali pamoja. Amri inayosoma kupitia anwani ya pili huenda inasoma kilichoandikwa kupitia ya kwanza.

Pili, anwani ikipelekwa kwa sehemu ya programu iliyotafsiriwa peke yake, kompaila haioni yanayotendeka humo. Inalazimika kudhani kwamba sehemu hiyo inaweza kusoma chochote.

Tatu, kuomba kumbukumbu ni tendo lenyewe. Ombi linaweza kukataliwa, na programu nyingine inaweza kuwa inahesabu maombi hayo. Kanuni za lugha lazima ziseme kama ombi lisilo na faida linaruhusiwa kuondolewa. Kwa lugha ya C++, ruhusa ya wazi iliingizwa katika kanuni za mwaka 2014. Hata pale ruhusa ilipo, kompaila moja huondoa ombi na nyingine huliacha, kwa kuwa kila moja hutambua baadhi tu ya maumbo.

Nne, kuna kizuizi cha hisabati. Wanafunzi wa Lyapunov, akiwemo Yuri Yanov, walichunguza ni lini programu mbili zinaweza kuthibitishwa kuwa sawa, na Ershov aliiendeleza nadharia hiyo kwa kuieleza kwa grafu. Kwa programu kwa jumla, hakuna algorithi inayoweza kutoa jibu sahihi kila mara. Kwa sababu hiyo kompaila hufuata kanuni moja: penye shaka, amri inaachwa. Programu itakuwa nzito zaidi, lakini jibu lake halitaharibika.

Kosa la upande wa pili linaweza kuwa baya zaidi. Programu nyingi huandika sifuri juu ya neno la siri baada ya kulitumia, ili wezi wasilikute katika kumbukumbu. Kwa macho ya kompaila, sifuri hizo haziji kusomwa na yeyote, basi amri ya kuziandika inafutwa na neno la siri linabaki. Ndiyo maana baadhi ya maktaba za programu zimewekewa amri maalumu za kufuta ambazo kompaila haziruhusiwi kuziondoa.

Kazi za baadaye

Kati ya mwaka 1966 na 1970 Ershov aliongoza ujenzi wa AIST-0, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja. Baada yake ulifuata mradi wa Beta, uliolenga kutengeneza kompaila moja kwa lugha nyingi. Lugha zote zingepitia lugha moja ya ndani, na uboreshaji wote ungefanyika humo. Kazi ilichukua miaka mingi na haikuenea kwa watumiaji kama ilivyotarajiwa, ingawa mpango wa lugha moja ya ndani ndio unaotumiwa na kompaila kubwa za leo.

Mwaka 1977 alianza kuchapisha kuhusu ukokotoaji mchanganyiko. Kama sehemu ya data ya programu inajulikana mapema, hesabu zinazotegemea sehemu hiyo zifanyike mapema, na ibaki programu fupi zaidi ya kushughulikia data itakayokuja. Yoshihiko Futamura wa Japani alikuwa amefikia wazo la karibu na hilo mwaka 1971. Kutokana na kazi za wawili hao na wengine limetokea tawi zima la utafiti.

Ershov alijua Kiingereza vizuri na aliandikiana barua na wataalamu wa nchi nyingi, jambo lisilokuwa rahisi wakati wa Vita Baridi. John McCarthy wa Marekani alikuwa rafiki yake na alimtembelea Akademgorodok. McCarthy ndiye aliyeanzisha, pamoja na lugha ya Lisp, utaratibu wa kuzoa takataka za kumbukumbu: badala ya kompaila kutabiri ni nafasi gani haitatumika, mashine hukagua wakati programu inaendelea na kurudisha nafasi zisizofikika tena. Mwaka 1979 Ershov na Donald Knuth waliandaa mkutano wa kimataifa huko Urgench, Uzbekistan, katika nchi ya Khwarezm, alikotoka mwanahisabati Al-Khwarizmi ambaye jina lake ndilo asili ya neno algorithi.

Elimu ya kompyuta shuleni

Mwaka 1981, katika mkutano wa dunia huko Lausanne, Uswisi, Ershov alitoa hotuba iliyoueleza utayarishaji wa programu kuwa ni kisomo cha pili cha binadamu. Alidai kwamba kama vile uchapaji wa vitabu ulivyofanya kusoma na kuandika kuwa haki ya kila mtu, kompyuta zitafanya uwezo wa kupanga hatua za kazi kuwa haki ya kila mtu pia.

Mwaka 1985 somo la misingi ya informatiki liliingizwa katika shule za sekondari za Umoja wa Kisovyeti kote. Ershov na Viktor Monakhov walisimamia kitabu cha kiada cha kwanza. Shule nyingi hazikuwa na kompyuta hata moja, kwa hiyo kitabu kilitungwa ili algorithi zifundishwe kwa ubao na daftari. Wapo waliokosoa somo la kompyuta lisilo na kompyuta. Ershov alishikilia kwamba kufikiri kwa hatua zilizo wazi kunaweza kutangulia mashine.

Heshima, kifo na urithi

Ershov alichaguliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Chuo cha Sayansi mwaka 1970 na mwanachama kamili mwaka 1984. Chama cha Kompyuta cha Uingereza kilimpa heshima yake ya juu mwaka 1974. Pembeni mwa kazi hiyo aliandika mashairi na kutafsiri mengine kutoka Kiingereza.

Alifariki Moscow tarehe 8 Desemba 1988 akiwa na umri wa miaka 57, na alizikwa Novosibirsk. Taasisi ya Mifumo ya Informatiki huko Akademgorodok inaitwa kwa jina lake. Tangu mwaka 1991 hufanyika mikutano ya kimataifa ya kumkumbuka.

Aliacha pia mamia ya majalada ya barua, rasimu, ripoti na kumbukumbu za vikao alizozitunza tangu ujana wake. Mtu aliyefundisha mashine kuacha thamani zisizosomwa hakutupa karatasi zake mwenyewe. Wenzake na wanafunzi wake wameziingiza katika mtandao, na sasa ni mojawapo ya hazina kuu kwa wanaochunguza historia ya kompyuta katika Umoja wa Kisovyeti.